Mbuzi Watatu wa Kichwa cha Simba

Musembi alikuwa mtu wa orijino. Neno hilo alilitamka taratibu, kama mtu anayepima sukari mwaka wa njaa, na ukikaa naye nusu saa ulilisikia mara kumi. Tangu astaafu ukarani katika stesheni ya Sultan Hamud alikuwa amejitwika kazi moja tu hapa duniani, nayo ni kulirudisha gari lake, Peugeot 403 ya mwaka wa hamsini na sita, jinsi lilivyotoka kiwandani. Injini haikumsumbua. Injini iliwaka siku za Jumamosi, ikipenda. Kilichomkosesha usingizi ni mapambo: mikanda miwili ya kromu ya ubavuni, kofia nne za magurudumu, na kichwa cha simba kinachokaa mbele ya boneti, mdomo wazi, kikifika kila mahali kabla ya mwenye gari.

Gari alilinunua bila hata kimoja cha vitu hivyo. Mwenye gari wa kwanza, mzungu wa shamba la mkonge, alikuwa amelitupa nyuma ya ghala miaka mingi, na kila mpita njia mwema akachukua kidogo kilichong'aa ili kisipotee.

Fundi Kiilu, aliyekuwa na banda la mabati karibu na reli, alijitolea kumaliza shida hiyo kwa wiki mbili. Kiilu aliweza kukufulia simba, chui au hata D.O. wa tarafa mwenyewe kutokana na sufuria kuukuu, na kwa mbali usingeona tofauti. Musembi alimcheka mbele ya watu.

"Kiilu, bandia ni bandia," alisema. "Hata uing'arishe aje. Mimi kitu kama si orijino, afadhali nikae bila."

Mkewe Syombua alikuwa kizingitini akichambua ndengu, na maneno hayo aliyasikia vizuri. Aliendelea kutupa mawe upande mmoja na ndengu upande mwingine, ila jiwe moja alilirusha mbali kuliko ilivyohitajika.

Nimesema mkewe. Tuseme alikuwa mkewe kwa ukarimu wa majirani. Kwa Wakamba, mwanamke huwa mke siku mbuzi watatu wa ntheo wanapoingia bomani kwa baba yake. Haijalishi mmezaa wangapi, wala mmelala chini ya paa moja miaka mingapi. Kabla ya mbuzi hao mwanamke ni mgeni aliyechelewa kuondoka: akifa hurudishwa kwao akazikwe, na mbuzi wa binti zake huenda kwa babu yao mzaa mama, si kwa huyo bwana anayejiita baba. Musembi alimtoa Syombua kwao Mwingi mwaka wa uhuru, elfu moja mia tisa sitini na tatu, akamwambia mkwe wake, mzee Nzuki, kwamba mbuzi wako njiani. Sasa ilikuwa themanini na saba. Mbuzi wale walikuwa na mwendo wa kobe.

Sababu hazikuwahi kumwishia. Mwanzoni alikuwa kijana, mshahara mdogo. Baadaye akawa na kazi nyingi. Mvua ikinyesha, mbuzi walikuwa ghali kwa sababu wamenona. Jua likiwaka, hawakufaa kwa sababu wamekonda, na mtu hawezi kumpelekea mkwe mifupa. Mwaka wa themanini na nne, njaa ile watu waliyoiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa na pesa mkononi, Musembi alikaribia kumshukuru Mungu, maana hakuna aliyeuliza habari za mbuzi mwaka mzima. Na alipostaafu akawa mtu wa kisasa, akatangaza kwamba mambo ya mbuzi ni ya kizamani. Wiki hiyohiyo akanunua gari la mwaka wa hamsini na sita.

Syombua alicheka na wengine, kwa sababu alikuwa na ulimi, na mwenye ulimi hapendi kuonekana akilia. Lakini lilimuuma. Shangazi yake mmoja aliishi kwa mume miaka thelathini bila ntheo, akafa, akarudishwa kwao kwa lori kama mzigo ulioandikwa anwani isiyo yake. Syombua aliliona lori lile likiingia. Na mama yake mzazi alipofariki, Musembi alisimama mazishini pamoja na majirani, si pamoja na wakwe, na hakuna aliyemwita asogee. Basi alichotaka ni kimoja: mbuzi wake waingie Mwingi baba yake angali hai, Musembi akiwapeleka kwa miguu yake, na akijua anampelekea nani.

Badala yake Musembi alikuwa akitafuta kromu.

Kiongozi wake katika safari hiyo alikuwa Abdulatif, muuza spea wa Mwingi, mzee wa kofia nyeupe na ndevu nyekundu za hina, ambaye babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo akaona hakuna haja ya kurudi. Duka la Abdulatif halikuwa na spea nyingi. Mali yake ilikuwa kichwani. Alijua kila gari lililofia kati ya Garissa na reli, na urithi wake ulivyogawanywa.

"Bwana karani, gari haipotei," alimwambia Musembi. "Inagawanywa tu. Wewe niulize, mimi nitakwambia kila kiungo kiko kwa nani."

Mikanda ya kromu ilipatikana kwa mama mmoja wa Mwingi aliyeitumia kuanikia mapazia. Ilikuwa imepinda kama mundu. Musembi aliileta nyumbani akailaza juu ya ubao wa mninga, akaigonga kwa nyundo ya mpira kidogo kidogo, huku akipuliza baada ya kila pigo kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Kutu aliitoa kwa majivu laini na kitambaa chenye maji, maana aliambiwa sandpepa hula kromu. Kazi hiyo ilichukua miezi miwili. Paa la jiko la Syombua, lililovuja juu kidogo tu ya mafiga, lilisubiri zamu yake.

Kofia tatu za magurudumu nazo zilikuja moja moja. Ya nne ilikuwa Kambu, katika kanisa dogo la bati, na kanisani ilikuwa imepanda cheo. Ilikuwa sahani ya sadaka. Kila Jumapili ilizunguka kutoka mkono hadi mkono, simba mdogo akiangalia juu katikati ya sarafu, na mchungaji aliibariki kwa jina la Bwana.

Musembi aliomba auziwe, akaambiwa kilichotolewa madhabahuni hakiuzwi kwa mataifa. Basi Jumapili iliyofuata Musembi alipanda gari la abiria hadi Kambu, akaketi benchi ya mbele, na mwito ulipotolewa akasimama akaokoka. Watu walilia kwa furaha. Akaenda Jumapili ya pili akashuhudia jinsi alivyokuwa gizani. Jumapili ya tatu wazee wa kanisa walikaa, wakaona kwamba ndugu yao mpya anaweza kuaminiwa, wakambadilishia kofia ile kwa sahani mbili za enameli zenye maua. Wokovu wa Musembi ulidumu hadi Emali, ambako alishuka akanywa bia mbili kwa furaha, kofia ikiwa imefungwa kwa koti lake mapajani.

"Kwa ajili ya kifuniko cha gurudumu umeokoka," Syombua alimwambia jioni hiyo.

"Mama Kavata, wewe huelewi. Ni orijino."

"Naelewa. Kambu umeenda mara tatu. Mwingi kwa Nau ni mbali sana, ama?"

Musembi, aliyejua vizuri kwamba Nau ni baba kwa Kikamba, alisema maji ya kuoga yanapoa.

Ikabaki kichwa cha simba. Na hapo mambo yalianza kubana, kwa sababu binti yao Kavata, mwalimu wa shule ya msingi, alipata mchumba, na wazee wa kina mchumba, wakiongozwa na mzee aitwaye Mbuvi, walituma habari kwamba watakuja Desemba na mbuzi wao watatu. Wao hawakuwa watu wa kisasa. Musembi aliona picha nzima: wageni wanashuka, gari limesimama langoni linang'aa toka mbele hadi nyuma, simba juu ya boneti, naye pembeni na suti. Syombua aliona picha nyingine. Aliona Mbuvi akiuliza ntheo ya mama wa bibi arusi ililiwa lini, na nani wanakumbuka utamu wa supu.

Agosti Musembi alienda Mwingi tena. Abdulatif alimkaribisha kahawa, akamwacha anywe hadi chini.

"Simba yako nimeipata," alisema. "Nilisahau kwa sababu niliuza mimi mwenyewe, siku ya soko la mbuzi, zamani. Mzee mmoja aliipenda akaipachika kwa fimbo yake. Anaenda nayo kwa vikao vya wazee. Hataki kuiacha hata akienda msalani."

"Mzee gani?"

"Nzuki. Baba ya mama watoto wako," Abdulatif alisema, na kwa heshima akageuka kupanga plagi ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

Musembi alirudi Sultan Hamud. Alikaa siku tatu bila kutaja orijino hata mara moja. Siku ya nne alimwambia Syombua ajiandae, wanaenda kuwajulia hali wazee wake, ili watu wasisahauliane. Syombua alijiandaa, ingawa habari ya simba na fimbo ilikuwa imeshamfikia kutoka Mwingi. Moyo wake, usio na aibu, ulianza kupiga kama wa msichana. Labda mtu huyu ameamka, alijiambia. Labda hiyo simba ni kisingizio tu.

Nzuki alikuwa mzee mkavu, mrefu, mwenye masikio mazima na subira ya mfugaji. Aliwapokea nje, chini ya kivuli cha ghala la mtama, akaketi kwenye kigoda chake. Fimbo ilikuwa mapajani. Simba alikuwa juu yake, mweusi kwa jasho la mkono, lakini meno yote yalikuwepo. Musembi alipoyaona meno yale, alisogea karibu. Alizungumza habari za mvua. Alizungumza habari za barabara. Kisha akasema bei.

Nzuki hakutaka pesa. Pesa, alisema, zina tabia ya kuisha.

"Niletee mbuzi watatu," alisema.

Syombua alitazama chini. Hata kuku walioparua pale wangeelewa. Baba yake alikuwa amefungua mlango mpana kiasi ambacho ng'ombe angepita, na alichotakiwa kufanya Musembi ni kuinua mguu.

Musembi alifikiri kidogo. "Mzee, si wawe wawili?" alisema. "Imechakaa kidogo hapa kwa sikio."

Nzuki alilipapasa sikio la simba. "Watatu," alisema.

Musembi alikubali, akatabasamu kama mtu aliyepata kitu cha bure, na siku ya soko alikwenda mwenyewe kuwanunua. Alichagua wazuri, hilo lisemwe. Mtu aliyeshindwa kupata mbuzi kwa miaka ishirini na minne aliwapata asubuhi moja kabla ya saa nne. Akawaburuta hadi kwa Nzuki, kamba mkononi, akiwa anapiga mluzi.

Kabla ya kuwapokea Nzuki alimwita bintiye nyuma ya ghala.

"Mbuzi wamefika," alisema kwa Kikamba, polepole. "Watatu, na ni yeye amewaleta, na majirani wameona. Nikichinja mmoja leo, wewe ni mke wa mtu. Hata kama yeye hajui. Useme wewe. Sili mbuzi wa mtoto wangu bila kumwuliza."

Syombua alisimama pale. Kutoka upande wa pili wa ghala alisikia Musembi akimweleza shemeji yake, Ndululu, kwamba simba wa aina hii hawatengenezwi tena, kwamba baada ya miaka michache kiwanda kiliwaondoa, na kwamba huko Nairobi mtu angelia akimwona. Alisikiliza kama jina lake litatajwa. Alingoja zaidi ya ilivyohitajika. Alikuwa amewataka mbuzi hawa maisha yake yote ya utu uzima, na sasa walikuwa wamefungwa kwenye nguzo, wakila majani, na neno moja lingetosha.

"Nau," alisema mwishowe, "hao ni mbuzi wa simba. Mimi hajaniletea."

Mzee hakubishana. Aliwafunga mbuzi kando, mbali na wenzao, akavuta simba kutoka kwenye fimbo kwa mkono wake mwenyewe, akampa Musembi. Fimbo ilibaki na kitundu juu.

Syombua alirudi Sultan Hamud akiwa na tumaini dogo ambalo alilionea haya. Septemba, Oktoba, Novemba, alimpa Musembi nafasi ya kukumbuka. Musembi alikuwa na kazi. Alimpeleka simba Nairobi akachovywe kromu upya, akamrudisha amefungwa kwa blanketi ya mtoto. Alimsugua macho kwa kijiti cha kiberiti. Alimkaza kwenye boneti kwa natu mpya, akaita jirani hadi jirani waje waone, na alipomaliza lile gari lilikuwa, kusema haki, zuri mno. Hata Kiilu, aliyekuja kulikosoa, alilizunguka mara mbili akaondoka bila neno.

Desemba wageni wakaja. Mbuvi alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya upole, na alipolipita gari langoni alilisifu ipasavyo. Mbuzi watatu wa Kavata walikuwa nyuma yake, weupe, wamesafishwa. Ndululu pia alikuwepo, amekuja na pikapu kutoka Mwingi, na hakuna aliyeuliza kwa nini mjomba amekuja na gari tupu.

Walipokwisha kunywa uji, Mbuvi alisema wao wako tayari kukabidhi, ila wangependa kujua mbuzi wanamkabidhi nani, baba ama babu.

"Nau amenituma niwachukue," alisema Ndululu. "Ntheo ya dada yangu haijafika kwetu."

Musembi alikohoa, akarekebisha tai, na ndipo akili yake ya karani ilipofanya kazi kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

"Haijafika aje?" alisema. "Mimi nilipeleka mbuzi watatu huko, mimi mwenyewe, na kamba. Majirani wote waliona. Mwulizeni Ndululu."

"Walikuja," alisema Ndululu. "Bado wako, Nau hajachinja hata mmoja. Aliambiwa ni wa simba."

"Simba gani?" aliuliza Mbuvi.

Vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine kuelekea langoni, ambako jua lilikuwa limepiga boneti, na mtoto mmoja akacheka akafinywa.

Mbuvi alimgeukia Syombua. "Mama, tusaidie. Hao mbuzi walikuwa wa nini?"

Angeweza kusema wangu. Musembi alikuwa akimwangalia kwa macho ya kuomba, na kwa miaka ishirini na minne alikuwa hajawahi kumwangalia hivyo. Angesema wangu, mbuzi wa Kavata wangebaki hapa, na kabla ya chakula cha mchana angekuwa mke halali mbele ya wazee wa pande zote. Hasira ilimpanda, na huzuni pia, na akaona kwamba ameichoka kazi ya kumsitiri mtu huyu.

"Aseme Baba Kavata," alisema. "Mbuzi hawanunui vitu viwili. Kama alinunua simba, simba ni hiyo hapo, na hatuna maneno. Kama alikuwa ananioa, basi simba ni ya Nau. Aitoe hapo kwa gari, Ndululu yuko na pikapu, ifike Mwingi leo. Mimi nitakubali."

Mbuvi alitikisa kichwa taratibu kukubali. Aliona hukumu ni ya haki.

Musembi alimtazama mkewe. Akamtazama simba. Akamtazama mkewe tena, kisha akaenda langoni, na watu wote wakamfuata, Kavata mbele yao ameshika mkono wa mama yake. Musembi aliinama akaigusa natu chini ya shingo ya simba kwa kidole gumba. Kiilu, aliyekuwa miongoni mwa majirani, alimpa spana aliyokuwa nayo mfukoni.

Musembi aliipokea. Syombua akasahau uchungu wote, akasahau Kambu na paa la jiko, akaona kwamba angemsamehe, na kwa haraka gani.

Musembi aliijaribu spana, akaitoa, akaiangalia.

"Hii si saizi yake," alisema. "Itateleza. Ikiteleza itakwaruza kromu. Wacheni wageni waende kwanza, kesho nitafute spana nzuri."

Syombua aliachilia mkono wa binti yake polepole, akamwambia asilie, kwamba siku ni yake na mambo yake yako sawa. Na yalikuwa sawa: mbuzi watatu walipakiwa kwenye pikapu ya Ndululu mbele ya mashahidi, na Kavata akawa mke wa mtu siku ile, akamtangulia mama yake. Kisha Syombua aliingia ndani, akatoka na leso na viatu vyake vya kanisani, akapanda mbele karibu na kaka yake.

Musembi alikimbia kando ya dirisha na tai begani. "Mama Kavata, nimesema kesho," alisema. "Asubuhi na mapema. Si mimi kukataa, ni kromu tu naogopea."

Syombua alilia, na hakujificha. Lakini hakushuka. Alifuta uso, akamwambia Ndululu apitie njia ya Machakos na asimame palipo na maji, kwa sababu mbuzi walikuwa hawajanywa tangu asubuhi.